Tutengeeni uwanja uliosawazishwa wa kulaza matela ya familia Nyanda za Juu Kusini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na halmashauri za mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, pamoja na wenzao wa TANROADS, wakala wa barabara kuu, kuhusu jambo ambalo mwaka huu limenikosesha raha kila jua linapoanza kuzama nikiwa njiani na familia yangu. Tunahitaji mahali pa kulala barabarani. Sizungumzii hoteli, na maegesho ya malori nayajua vizuri, siyo hayo. Nazungumzia kipande cha ardhi kilichosawazishwa, chenye bomba la maji, choo safi na mlinzi, ambapo mtu mwenye tela la kulala, au vijana wenye hema lao, wanaingia jioni, wanalipia, wanapewa risiti, wanalala, na asubuhi wanaendelea na safari.

Mimi ni dereva mstaafu wa malori, mkazi wa Uyole. Maisha yangu ya kazi yameishia kwenye barabara kuu ya TANZAM: Dar es Salaam, Morogoro, Iringa, Makambako, Mbeya, Tunduma, na mara nyingi ng'ambo hadi Zambia na Kongo. Nimelala kwenye kichwa cha lori kuliko nilivyolala kitandani kwangu. Muda wote huo mke wangu alikuwa nyumbani analea watoto na kulima viazi. Nilikuwa namletea vitunguu vya Ruaha Mbuyuni kwa gunia, lakini Ruaha Mbuyuni yenyewe hakuwahi kuiona. Nilipostaafu nilimwahidi kwamba kila mahali nilipowahi kumsimulia atapaona kwa macho yake.

Tatizo ni kwamba mama watoto ana kisukari, na anajichoma insulini. Wenye wagonjwa wa aina hii nyumbani watanielewa haraka. Chupa unayoitumia inaweza kukaa nje ya friji wiki kadhaa kama hakuna joto kali, ila ile ya akiba lazima ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Ikipata joto inaharibika, ikiganda pia inaharibika, na kwa macho huwezi kujua. Tukilala nyumba za wageni tulikuwa tunaomba dawa iwekwe kwenye friji la mapokezi, katikati ya soda na bia. Katika nyumba moja ya wageni mhudumu alizima friji usiku ili kuokoa umeme wa LUKU. Asubuhi chupa ilikuwa na joto la chumba na soda zilikuwa zinatoa jasho. Safari ile iliishia pale, tukageuza gari kurudi Mbeya. Tangu siku hiyo mke wangu akawa anakataa kutoka, na mimi nikawa natafuta namna.

Namna ilipatikana kwa mgeni wa Afrika Kusini aliyekuwa anasafiri kuelekea kaskazini. Gari lake lilimfia hapa Mbeya, akaamua kurudi kwao, na karavani yake, yaani tela la kulala, hakuwa na namna ya kuirudisha. Tuliinunua. Nawaambia wanaotamani kufanya hivyo: chombo cha mgeni kinaingia nchini kwa kibali cha muda, kwa hiyo kikiuzwa hapa ni lazima kilipiwe kodi zote na kisajiliwe kwa jina lako. Tela lina namba yake, siyo namba ya gari linalolivuta. Fuatilia karatasi hizo mpaka mwisho kabla hujalitoa getini, maana trafiki wa kwanza utakayekutana naye atakuuliza, na ana haki ya kuuliza.

Ni tela dogo la ekseli moja, kuta za bati la alumini juu ya fremu ya mbao. Ndani kuna kitanda cha watu wawili, viti vinavyogeuka kuwa vitanda vya wajukuu, jiko la gesi la mafiga mawili, sinki, tangi la maji, na friji. Uzito wake wa juu unaoruhusiwa, kwa mujibu wa kibati kilichopigiliwa karibu na mlango, ni kilo 1,250. Hilux yetu inalivuta bila kulia. Kwa kuwa Afrika Kusini wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, mlango uko upande wa kushoto, upande wa majani, na mtoto akishuka hashukii katikati ya magari. Matela yaliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani huwa na mlango upande wa kulia, na mfumo wake wa umeme ni wa volti 120, wakati umeme wetu ni wa volti 230. Anayeagiza mtandaoni aliangalie hilo kabla ya kutuma fedha.

Friji ndilo lililotufanya tulinunue, na friji ndilo lililonifanya niandike barua hii. Halina mota. Linafanya kazi kwa joto: mwali mdogo wa gesi unachemsha maji yenye amonia nyuma yake, amonia inapanda, inapoa, inateremka na kufyonza joto la ndani ya friji. Mzunguko huo wote unategemea mvutano wa dunia peke yake. Tela likiinama, kimiminika kinatuama mahali kisipotakiwa, friji linaacha kupoza, na ukiliacha hivyo muda mrefu linaweza kufa kabisa. Kwa hiyo tukifika mahali, kabla ya kitu kingine chochote, mjukuu wetu wa kati anaingia ndani na pima maji ya fundi mwashi na kuilaza sakafuni mbele ya friji. Mimi niko nje na vipande vya mbao na jeki. Yeye anapaza sauti, "Babu, bado kidogo kushoto! Babu, basi!" Kiputo kikikaa katikati ya mistari, ndipo mke wangu anaweka dawa yake ndani na kuwasha gesi.

Sasa mtu anayeijua nchi hii ya kwetu ajiulize: wapi kati ya Uyole na Kasumulu utapata ardhi tambarare ya wazi? Rungwe yote ni mteremko. Kila penye usawa pana nyumba, shule, au shamba la migomba na chai. Ukiacha lami ukaingia pembeni unakuta mfereji. Makete ni hivyo hivyo, Njombe nafuu kidogo. Kulala ni rahisi, nimelala kwenye viti vya lori maisha yangu yote. Kulala pakiwa sawa ndiyo kazi.

Safari ya kwanza ya maana tulikwenda Matema, kwa sababu ndiko mke wangu alikotaka. Tulipita Tukuyu, tukateremka hadi Kikusya, tukashika njia ya Ipinda. Ziwa Nyasa linaanza pale miguuni pa milima ya Livingstone, na milima hiyo inaingia majini moja kwa moja bila kuacha nafasi ya barabara. Jumamosi tulikwenda mnada wa vyungu Lyulilo. Kinamama wa Kikisi wanavileta kutoka Ikombe kwa mitumbwi, vimepangwa na kufungwa majani katikati visigongane. Bibi mmoja alitusalimia, "Ugonile," mke wangu akamjibu vizuri kwa Kinyakyusa, ikawa ni mazungumzo ya asubuhi nzima na chungu kikubwa cha kupikia maharage. Matema kuna wenyeji waliokwisha kuzoea wageni wenye mahema, tulipata uwanja wa mchanga karibu na ufukwe, tukatandika mbao chini ya magurudumu yasizame, na friji likapoza bila shida. Kwa hiyo naposema jambo hili linawezekana, naongea kwa kuwa nimeliona likifanyika.

Kurudi ndiko kulikotutesa. Ilikuwa Aprili, na mvua ya Tukuyu ya Aprili haihitaji maelezo. Usiku tulisikia tone, halafu tone, juu ya kitanda cha watoto. Maji yalikuwa yanapenya kwenye kiungio cha bati kuzunguka dirisha la paa, gundi ya zamani ilikuwa imekauka na kupasuka. Tulipofika Mbeya fundi alibandua bati la pembeni, na ndani mbao ilikuwa imeoza kiasi cha kufinyangwa kwa vidole. Alikata sehemu yote iliyoharibika, akaunga mbao mpya ya msindano wa Sao Hill iliyokaushwa vizuri, akakwangua gundi ya zamani kwenye viungio vyote vya paa, akapaka silikoni mpya. Karavani zote za aina hii huanza kufa kwa maji ya paa kabla ya magurudumu. Anayetaka kununua apande juu, abonyeze kila kona kwa kidole gumba, na anuse ndani ya makabati. Harufu ya uvundo haidanganyi.

Kuhusu magurudumu nitasema kama dereva. Tairi za tela nyingi zilizokaa bila kutembea zina kashata, yaani meno, nzuri kabisa ukiziangalia, na zimezeeka. Ubavuni kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Ukisoma 1412, tairi hiyo ni ya wiki ya 14 ya mwaka 2012, itoe. Na kila ukisimama, weka kiganja kwenye kikombe cha gurudumu. Vuguvugu ni sawa. Likikuunguza, beringi inalia njaa ya grisi au breki imeshikilia, usiondoke.

Mizigo mizito iwe juu ya ekseli, na kichwa cha tela kilalie gari kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wote, au chini yake kidogo. Ukijaza mahindi na ndizi za Kiwira nyuma kabisa, kichwa kinakuwa chepesi, na ukifika mteremko basi likikupita kwa kasi tela linaanza kupiga mkia. Likianza, usikanyage breki kwa pupa na usikate usukani. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa, liache litulie lenyewe.

Tulipokwenda kwa binti yetu Morogoro tulilazimika kushuka Kitonga. Mke wangu alikuwa ameisikia Kitonga kwa miaka yote hiyo, na ninyi wasomaji mnajua aliisikia kwa namna gani: ajali, vifo, majina ya watu tuliowafahamu. Tulipumzika Ilula. Nikakagua kiungo cha tela, mnyororo wa usalama, taa. Halafu tukaanza kushuka kwa gia ya pili, taratibu, malori ya wenzangu yakiwa mbele yetu. Sheria ya madereva wa zamani ni kwamba mlima unaushuka kwa gia ambayo ungeupandia, na kwa tela hili kuna la ziada. Breki zake zinajikamata zenyewe pale tela linapolisukuma gari. Kwenye mteremko mrefu linasukuma muda wote, kwa hiyo breki zake zinafanya kazi muda wote na kupata moto. Ndiyo maana mwendo uwe mdogo tangu juu kabisa, kabla hujahitaji kuupunguza. Mke wangu hakusema neno mpaka tulipoiona mibuyu ya chini. Ndipo akasema, "Kumbe hapa ndipo ulipokuwa unapita usiku." Tulisimama Ruaha Mbuyuni nikaacha breki zipoe, yeye akashuka kununua vitunguu vyake mwenyewe, akavichagua kimoja kimoja, na akabishana bei kuliko nilivyowahi kubishana mimi.

Ni katika kurudi kutoka safari hiyo ndipo yalipotupata. Giza lilitukuta kwenye mji mmoja wa barabara kuu, sitautaja. Sipendi kuendesha usiku na familia, nimeokota wenzangu wengi mno barabarani usiku. Tuliomba kituo cha mafuta tuegeshe pembeni, mlinzi akasema bosi haruhusu. Tuliomba nyumba ya wageni tulipie chumba ila tulale kwenye tela uani, wakasema uani ni pa magari madogo tu. Kwenye maegesho ya malori walitukubalia, lakini pale pana mteremko wa kutiririshia maji, injini za majokofu zinanguruma usiku kucha, choo ni kile mnachokijua, na wajukuu wangu wa kike siwezi kuwashusha hapo saa nne usiku. Friji lilikuwa limezimwa tangu jioni.

Aliyetuokoa ni mwenyekiti wa kitongoji, kilomita chache nje ya mji. Alitoka na tochi na kauntabuku. Nikamwamkia kwa "Kamwene," akaitika, halafu akasema, "Mzee wangu, wageni wakilala kwangu lazima niwajue ni akina nani." Akaandika majina yetu wote, hata ya watoto, akaandika namba ya gari na namba ya tela, akakagua vitambulisho kwa mwanga wa tochi. Kisha akatupeleka kwenye uwanja wa shule ya msingi, wakati ule shule ilikuwa imefungwa. Uwanja wa mpira: tambarare, pima maji ilikubali bila ubao hata mmoja. Akamwita mlinzi wa shule, akamkabidhi kwetu kwa jina. Tulimpa mlinzi chochote, mwenyekiti alikataa fedha, akapokea chai tu, na alipoona dawa inawekwa kwenye friji akaeleza kwamba dada yake naye anachoma sindano hizo hizo.

Ndugu Mhariri, mgeni njoo mwenyeji apone. Wema wa mwenyekiti yule siwezi kuusahau, lakini barabara ya kitaifa haiwezi kutegemea kumkuta mtu mwema akiwa macho. Utaratibu alioufanya yeye kwa kauntabuku na tochi halmashauri inaweza kuufanya kwa kibanda cha getini na namba ya kumbukumbu ya malipo. Uwanja upo, mlinzi yupo, choo kipo, na ada ingeingia kwenye mfuko wa shule au wa kijiji.

Najua jibu litakalotolewa: matela ya kulala ni machache, hatuwezi kujenga kwa ajili ya watu wachache. Ni kweli matela ni machache. Lakini simama Tunduma au Kasumulu uhesabu wanaoingia na mahema juu ya paa za magari, wenye baiskeli zilizopakiwa mizigo, malori ya wageni yenye viti, pikipiki kubwa kutoka Zambia na Malawi. Wote hao wanaulizia kitu kile kile ninachokiulizia mimi. Na siyo wageni peke yao. Wajukuu wangu waliposimulia darasani, wazazi wawili watatu walinijia kuuliza kama wanaweza kwenda Kitulo na hema la kawaida, kwa sababu hoteli kwa familia ya watu sita haishikiki.

Kitulo tulikwenda wakati wa likizo ya katikati ya mwaka, kwa njia ya Isyonje na Kikondo. Maua yanataka masika, Julai hayapo, lakini barabara ni kavu na anga ni safi. Hifadhi ile ilitangazwa rasmi mwaka 2005, na ni ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Wenyeji wameiita Bustani ya Mungu tangu zamani. Uwanda wake unafika karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu, wajukuu waliikwangua kwa vijiko na kuitia kwenye kikombe. Kule hofu yetu iligeuka. Joto halikuwepo, tukawa tunalinda dawa isigande, mke wangu akailaza ndani ya sweta kabatini, mbali na ukuta wa bati. Jiko nalo liligoma kuwaka vizuri: gesi ya mitungi ina mchanganyiko wa propani na butani, na butani inaacha kugeuka mvuke ukikaribia nyuzi sifuri. Nilisubiri jua, mtungi ukakaa juani, chai ikachelewa.

Hapo niseme jambo moja kwa nguvu zote, kwa sababu sisi watu wa baridi tunalizoea vibaya. Usiingize jiko la mkaa ndani ya tela, hema au chumba kilichofungwa, hata kama baridi inauma. Hewa yake haina harufu, inaua watu wakiwa usingizini, na huku kwetu kila msimu wa baridi tunazika. Na matundu yaliyo sakafuni mwa karavani yasizibwe kwa nguo. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka chini, na matundu yale ndiyo njia yake ya kutokea. Shemeji yangu aliyafunika kwa blanketi kwa nia njema kabisa ili watoto wasipigwe na upepo. Niliyafungua, nikamweleza, tukawaongezea watoto blanketi.

Tulifika pia kwenye kimondo cha Mbozi, kipande cha chuma kinachokadiriwa kuwa na tani 16, na wajukuu walikigonga kwa kokoto wakasikia kinavyolia. Tulifika Isimila kwenye zile nguzo za udongo na zana za mawe. Watoto waliokuwa wanaona Iringa kwenye ramani sasa wanaijua kwa vumbi lake. Sehemu zote hizo tulitumia fedha: viingilio, mafuta, ndizi, mkaa wa kuchomea nyama nje, fundi wa kuziba pancha. Familia inayolala njiani inanunua mahitaji yake kwa mama lishe na duka la jirani. Isipokuwa na pa kulala inapita bila kushuka.

Wala si jambo geni Afrika. Mwaka 1959 hadi 1960 msafara wa Wamarekani uliongozwa na Wally Byam, mtengenezaji wa matela ya Airstream, ukavuta matela ya kulala kutoka Cape Town hadi Cairo, wakati sehemu kubwa ya njia hiyo ilikuwa vumbi na tope. Sisi tuna lami kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam.

Ninachoomba ni hiki. Barabara ya njia nne inajengwa hapa Mbeya kutoka Uyole kuelekea Ifisi. Mkandarasi ana greda, ana shindilia, ana kifusi. Kambi za ujenzi zinasawazishwa, zinamwagwa kokoto na kuwekewa maji, halafu kazi ikiisha nyingi zinaachwa ziote magugu. TANROADS na Jiji wakae sasa, kabla mitambo haijaondoka, waamue kipande kimoja kibaki kwa ajili ya wasafiri. Halmashauri ya Rungwe itazame Tukuyu au Kiwira. Makambako, panapokutana njia ya Njombe na ya Iringa, pangefaa kuliko mahali pengine popote. Mafinga nao wana ardhi. Choo, bomba, taa moja, mlinzi mwenye daftari, na ardhi ambayo fundi ameipima. Wakati wa likizo, maofisa elimu waruhusu viwanja vya shule vilivyo karibu na barabara vitumike kwa ada, chini ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji.

Desemba tunakusudia kwenda Ruaha. Ndani ya hifadhi maeneo ya kambi yapo, sina wasiwasi nako. Wasiwasi wangu ni usiku wa njiani kabla ya kufika Iringa. Nakala ya barua hii nimeipeleka kwa mtendaji wa kata yetu, na nitaipeleka kwa mkurugenzi wa kila halmashauri niliyoitaja. Afisa mipango yeyote anayetaka kuona tela lilivyo na linahitaji eneo la ukubwa gani, anakaribishwa Uyole. Pima maji ipo, na mjukuu wangu atamwonyesha jinsi ya kuisoma.

Dereva mstaafu,
Uyole, Mbeya